Mleta mada, hiyo poda nyeupe isifike ofisini kwenu Jumamosi

Dada, umeuliza mambo sita kuhusu picha za uso za watumishi wa ofisi yenu: bei, saa nzuri ya kupiga, rangi za nguo, studio au hapo hapo ofisini, mekapu, na picha zitoke baada ya siku ngapi. Mimi nimekwama kwenye mekapu. Unasema mpambaji atakuja na poda nyeupe ya "HD" na faundesheni "iliyo juu kidogo ya rangi ya ngozi ili watu wang'ae", na mpiga picha amekutuliza kwamba kitakachoharibika "tutakirekebisha kwenye kompyuta". Watumishi 14, siku moja, picha za tovuti na ripoti ya mwaka. Wapigie simu wote wawili leo. Usingoje Ijumaa usiku.

Poda kwanza. Zile zinazouzwa kwa jina la HD, nyeupe, laini, ukishapaka hazionekani, nyingi zina silika kwa wingi, yaani madini yaleyale ya mchanga yaliyosagwa laini mno. Kwenye kioo, chini ya taa ya chumbani, uso uko safi kabisa. Flashi ikilipuka, chembe za silika zinatawanya mwanga na kuurudisha kwenye lenzi. Popote poda ilipokaa nene, yaani chini ya macho, pembeni ya pua, katikati ya paji na kidevuni, panatoka mabaka kana kwamba mtu kapulizwa unga wa ngano. Titani dioksidi na zinki oksidi zina tabia hiyohiyo, na hizo ziko kwenye mafuta mengi ya kukinga jua na kwenye faundesheni zilizoandikwa SPF, yaani zenye kinga ya jua. Kwa hiyo hata asiyepaka poda anaweza kuingia mtegoni kwa losheni aliyojipaka asubuhi nyumbani. Na msidhani ni tatizo la mapambo ya bei rahisi: Angelina Jolie alipigwa picha za zulia jekundu New York mwaka 2014 akiwa na mabaka hayo hayo usoni, na sidhani kama mpambaji wake alilipwa kwa M-Pesa. Ile ni ngozi nyeupe. Ipeleke kwenye ngozi ya maji ya kunde au mweusi tii uone.

Ubaya unazidi flashi ikikaa juu ya kamera na kumtazama mtu moja kwa moja, kwa sababu mwanga unakwenda na kurudi kwenye njia ileile. Flashi ikiwa ndani ya softboksi, lile boksi la kitambaa cheupe linalolainisha mwanga, pembeni kwa nyuzi 45 hivi, mabaka yanapungua. Kupungua si kuisha.

Sasa hiyo faundesheni "juu kidogo". Kinachoifanya faundesheni iwe nyeupe kuliko ngozi mara nyingi ni titani dioksidi ileile, ambayo ni rangi nyeupe ya kiwandani. Ukiipaka juu ya ngozi yenye wekundu au unjano ndani yake, kamera haioni mng'ao, inaona majivu. Uso unakuwa wa mtu aliyeugua, shingo inabaki ya mtu mzima wa afya. Mkiwekwa 14 kwenye ukurasa mmoja wa tovuti, msomaji atadhani vichwa vimeazimwa.

Wapambaji mtanisamehe, najua mko humu na najua mtanijia. Bibi harusi kwenye ukumbi wenye taa za rangi ni kazi moja, uso wa mhasibu kwenye ripoti ya mwaka ni kazi nyingine. Hasira yangu kubwa si kwenu. Ni kwa huyu mpiga picha wa "tutarekebisha kwenye kompyuta". Sentensi hiyo nimeshailipia kwa pesa yangu mwenyewe na aliyenipa hakurudisha hata senti, kwa hiyo nikiisikia sina adabu.

Hiki ndicho wasichokwambia. Baka la poda likishapiga weupe wa mwisho, pale hakuna tena rangi wala vinyweleo vya ngozi vya kurudisha, hata faili liwe RAW, lile ghafi la kamera. Likiwa halijafika huko, ni ukungu uliochanganyika na ngozi, mnene hapa, mwepesi pale. Hauondoki kwa kuvuta kitufe kimoja. Unapakwa kwa mkono, baka kwa baka, kwa brashi ndogo, na kila uso una mabaka yake. Mtu makini atatumia nusu saa kwa picha moja. Wewe una watu 14. Ukichukua picha tatu tatu ni 42, yaani saa 21 za kukaa kwenye kiti. Nani atalipwa kiasi hicho? Hakuna. Kwa hiyo atafanya kile wanachofanya wote: atalainisha uso mzima mpaka uwe plastiki, kisha atavuta mwangaza juu ili uso na mabaka vifanane. Mtarudishiwa watumishi 14 wasiojulikana hata na walinzi wa getini.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na hata ukisahau mengine yote niliyoandika, hii usiisahau: hakuna mtu kupigwa picha yake rasmi kabla fremu ya majaribio, yaani picha ya kujaribia, haijatazamwa kwenye skrini kubwa.

Fremu ya majaribio inafanywa hivi. Wachague watu wawili, mmoja mweusi kuliko wote ofisini na mmoja mweupe kuliko wote. Wapakwe mekapu kamili, ile ile ya siku hiyo. Wakae kwenye kiti kile kile, flashi ile ile, umbali ule ule. Piga fremu mbili kwa kila mmoja: ya kwanza uso na shingo, kola imefunguliwa kifungo kimoja, ya pili ameweka mgongo wa mkono wake usiopakwa kitu karibu na shavu. Kwa wanaovaa hijabu huo mkono ndio shahidi wako pekee, kwa kuwa shingo haionekani. Mkono hautalingana na uso asilimia mia, na si lazima ulingane. Unachotafuta ni ukungu: mkono una uhai na uso umepauka? Umepata jibu. Kisha ingiza kwenye laptopu, kuza hadi asilimia 100, tazama chini ya macho na pembeni ya pua. Ile skrini ndogo nyuma ya kamera usiiamini, picha yoyote humo inapendeza.

Pia mpige mmoja kabla hajapakwa chochote. Fremu hiyo ihifadhi. Kesho kutwa kukiwa na ubishi kuhusu rangi halisi ya mtu, ndiyo hakimu.

Mkiona ukungu, mtu anawe uso na kuanza upya. Msipake juu yake. Badala ya poda nyeupe tumieni karatasi za kufyonza mafuta, zile za vipande vidogo. Zikikosekana, tishu iliyotenganishwa ikabaki tabaka moja. Unabonyeza, husugui. Kama paji bado linawaka, poda ngumu ya rangi ya ngozi yenyewe, kidogo, kwenye paji na pua tu. Na msipigane na kila mng'ao. Kwenye ngozi nyeusi, mng'ao laini juu ya shavu na pua ndio unaoonyesha umbo la uso. Ukiuondoa wote uso unakuwa bapa. Mng'ao mkali mdogo kama nukta ni dalili kwamba taa ni ndogo au iko mbali, dawa yake ni softboksi kubwa iliyosogezwa karibu. Feni au AC iwashwe dakika ishirini kabla, Dar mnaijua wenyewe.

Fremu hiyo hiyo itamuumbua mpiga picha kwenye jambo la pili, vipimo vya mwanga. Kamera haijui ngozi. Kila inachokipima inakivuta kiwe kijivu cha kati. Akipima mwanga kwa kulenga nukta moja tu ya uso mweusi, inauinua uso na shati jeupe linaungua. Akiacha ipime fremu nzima yenye ukuta mweupe kama wa kwenu, inashusha kila kitu na uso unazama. Suala hili lina historia: kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi zetu zikatoka zilivyotoka. Leo hakuna kisingizio. Aweke kamera kwenye "manual", yaani vipimo avipange mwenyewe, apime kwa kadi ya kijivu iliyoshikwa mbele ya uso, kisha asiguse tena mpaka taa ihame. Uso mweusi unatakiwa ubaki mweusi, chini ya kijivu cha kati, na macho yakiwa na nukta ya mwanga. Akikwambia "nimekuongezea mwanga upendeze", muulize nani alimwagiza.

Namba za kuanzia za kumwonyesha mpiga picha, kama anataka mabishano: ISO 100, f/5.6 hadi f/8, shata 1/125 au 1/160. Akizidisha 1/250 kwa flashi ya kawaida ataona ukanda mweusi umekata picha. Lenzi ya milimita 85 kwa kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), au 50 kwa sensa ndogo, mtu akiwa mita mbili hivi kutoka kwenye kamera. Hilo la mita mbili ni muhimu kuliko lenzi yenyewe, kwa sababu pua kubwa za picha za simu zinatokana na ukaribu. Softboksi ya sentimita 90 au 120, nyuzi 45 pembeni, juu kidogo ya macho, mita moja kutoka usoni. Riflekta nyeupe, ubao wa kurudisha mwanga, upande wa pili. Pazia la nyuma liwe mita moja na nusu au mbili nyuma ya mtu ili kivuli chake kisilifikie.

Chini ya miguu ya kiti bandika tepu, na chini ya stendi ya taa pia. Umbali wa taa ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Mtu wa tisa akivuta kiti nyuma ili anyooshe miguu, picha yake haitafanana na za wenzake na hutajua kwa nini.

Zima taa za ofisini zote. Mirija ya dari inatupa ukijani kwenye upande wa kivuli, flashi inatupa weupe wa mchana kwenye upande mwingine, na uso mmoja unakuwa na rangi mbili. Funga mapazia pia. Huu nao ni ugonjwa ambao "kompyuta" haiuponyi vizuri.

Kama kuna mzee atakayevaa kanzu na kofia, mwambie mpiga picha mapema. Kitambaa cheupe kifuani kinapokea mwanga sawa na uso lakini kinaurudisha mwingi zaidi, kwa hiyo kinaungua huku uso ukiwa sawa. Softboksi iinuliwe kidogo ili katikati yake iangalie kichwani na si kifuani, au kitambaa cheusi kining'inizwe kwenye ukingo wa chini wa taa. Mabaka ya poda juu ya uso uliozungukwa na weupe huo yanaonekana mara mbili, msiseme sikusema.

Miwani: inua taa, shusha kidevu kidogo, na mikono ya miwani iinuliwe kidogo juu ya masikio ili vioo vitazame chini. Msivue, mtu asiyejulikana bila miwani apigwe nayo.

Nguo, kwa haraka. Rangi nzito za kawaida: bluu nzito, maruni, kijani cha chupa, na suti ya Kaunda imekaa vizuri tu. Epukeni mistari myembamba na vitone vidogo, kamera inavigeuza mawimbi. Shati jeupe tupu bila koti liwe la mwisho kufikiriwa. Wanaume wanyoe siku moja au mbili kabla, vipele vya wembe havifichiki bila kupaka, na kupaka ndiko tunakokukimbia. Misuko isiwe ya jana yake, inavuta ngozi ya paji na kuifanya iwake.

Kuhusu mpambaji: hujamkosea kumwita, mbakishe. Mwandikie tu hivi: "Picha za flashi. Hakuna poda nyeupe, hakuna SPF, faundesheni ilingane na shingo, tutajaribu watu wawili kwanza." Watumishi nao watumie ujumbe wa kutopaka mafuta ya jua asubuhi hiyo. Mpambaji mzuri ataelewa mstari wa kwanza na atakuheshimu. Akianza kukufundisha kwamba "kamera ya siku hizi haina shida", mlipe nauli.

Na mpiga picha aandike kabla hajapewa advansi: anapiga RAW, anatenga nusu saa ya majaribio kabla ya mtu wa kwanza, ngozi haing'arishwi wala hailainishwi bila kuulizwa, na mtapewa faili za ukubwa kamili. Kwa ukurasa mzima wa A4 wa kuchapa unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Akigoma kipengele cha majaribio peke yake, mtafute mwingine hata kama ni Ijumaa.

Ukipiga hizo fremu za majaribio, ziweke hapa tuzitazame. Ukinitumia kwa WhatsApp zitume kama dokyumenti, siyo kama picha, maana WhatsApp inazibana na hilo baka tunalolitafuta linaweza kufutika njiani.