Re: Maji ya choo yanapanda bafuni

Pole sana mkuu. Kama maji machafu yanapanda kwenye tundu la bafu kila ukiflashi choo, usikimbilie kumwaga dawa. Kwanza nyumba nzima waache kutumia maji, halafu kafunue chemba (kile kishimo chenye mfuniko ambamo bomba la maji machafu hupita) iliyo karibu na ukuta. Ikiwa kavu, bomba limeziba kati ya bafu na hapo. Ikiwa imejaa pomoni, tatizo liko mbele, au shimo lenyewe la maji taka limejaa. Ita gari la kunyonya. Kwangu masika iliyopita tulivuta kitambaa cha deki kilichogandamana na mafuta ya maandazi, kigumu kama mche wa sabuni! Wakati wa kusafisha vaa gambuti, na jiki usiichanganye na asidi ya kusafishia choo, ile hewa yake ni sumu.