Hukumu za madeni bado zinasoma hazijalipwa

Dada wa Leicester, unasema ufilisi wako uliisha mwaka jana, lakini kwenye ripoti yako ya mikopo hukumu mbili za mahakama kuhusu madeni bado zinasoma hazijalipwa. Wala usishangae, hapa Uingereza usipofuatilia mwenyewe zitabaki hivyo hivyo. Waombe Insolvency Service, idara ya serikali inayoshughulikia ufilisi, barua inayothibitisha umeshatoka kwenye ufilisi. Nakala yake tuma kwa kampuni zinazotunza ripoti za mikopo, Experian, Equifax na TransUnion, wote watatu, ukiandika namba ya kesi ya kila hukumu. Mimi nilituma kwa mmoja tu, nikanyimwa simu ya mkataba! Omba waonyeshe deni limemalizika. Kufutwa ni habari nyingine: hukumu hukaa miaka 6 tangu siku ilipotolewa, kwa hiyo kagua tarehe. Wakikaidi, una haki ya kuambatisha maelezo yako kwenye ripoti hiyo, yasizidi maneno 200.