Kunguni, hita na kitanda cha juu: barua za mwaka wa kwanza

Vyuo vimefunguliwa, na barua nyingi za mwezi huu zimetoka hosteli. Tumezijibu nne. Ya kunguni tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu imeandikwa kwa uchungu, na kwa sababu watu wengi wanahangaika na wadudu hawa kwa njia zisizofaa.

Niko wiki ya tatu hosteli hapa Dar es Salaam. Kila asubuhi naamka na vipele vilivyojipanga mstari, mkononi na shingoni. Nimepulizia dawa ya kopo mara mbili, godoro nimelianika juani kutwa nzima, lakini wapi! Wenzangu watatu wananitazama kama mimi ndiye niliyewaletea. Nifanyeje?

Pole sana, mdogo wetu. La aibu liweke pembeni kwanza. Kunguni hafuati uchafu. Anafuata damu na joto la mwili, na anasafiri ndani ya begi, nguo au godoro lililokwisha kutumika. Tena huenda alikuwemo kitandani kabla hujakabidhiwa ufunguo, maana mkubwa wake anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunywa damu.

Vipele peke yake si ushahidi. Amka saa tisa usiku, washa tochi ya simu, funua shuka ghafla. Tazama mishono ya godoro, matundu ya nati na pale chaga zinapokaa juu ya fremu. Unatafuta mdudu bapa wa kahawia wa milimita 5 hivi, madoa meusi kama nukta za kalamu, ambayo ni kinyesi chake, na mayai meupe ya milimita 1 yaliyogandishwa kwenye nyufa.

Mayai hayo ndiyo yaliyokushinda. Dawa nyingi za kopo ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshazizoea. Na hata zikiua wakubwa, mayai hubaki. Yai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, kwa hiyo unalala vizuri wiki moja, kisha unaanza kuumwa upya. Jua nalo halitoshi. Kunguni hufa joto likifika kama nyuzi 50 za Sentigredi, na katikati ya godoro nene halifiki huko. Upande wa juu ukichoma, wao huhamia wa chini wenye kivuli.

Chagueni Jumamosi moja, nyote wanne, kwa sababu ukisafisha kitanda kimoja umewahamishia cha jirani. Kabla ya siku hiyo mwambieni mlezi wa bweni, ili vikaguliwe na vyumba vya kushoto, kulia, juu na chini. Kunguni hupenya kwenye matundu ya mabomba na ya nyaya. Siku ikifika, fungueni nati zote za vitanda vya deka kwa spana, toeni vyuma nje, vaeni viatu vya kufunika, kisha mmwage maji yanayochemka kwenye kila tundu na kila maungio. Mwageni taratibu, maji yaingie hadi ndani ya bomba la fremu. Humo ndimo wanamojaa, na humo ndimo wasafishaji wengi wasimofika.

Shuka na foronya ziloweke kwenye maji ya moto. Nguo zisizofaa kulowekwa maji ya moto zipige pasi polepole kwenye mishono na mapindo. Chandarua chenye dawa usikichemshe, utaiharibu dawa: kikague mapindo, kifue kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kianike kivulini. Godoro lisugue mishono kwa brashi ngumu, ukiweza livishe mfuko wa zipu usio na tundu. Rudisheni vitanda mbali kidogo na ukuta, shuka zisiburuze sakafuni.

Kisha rudieni baada ya siku 10, na tena baada ya siku 10 nyingine. Wengi huacha baada ya raundi ya kwanza kwa kuwa wameona kimya. Kimya hicho ni cha mayai.

Jambo moja tunakusihi: kamwe msilete chumbani dawa ya wadudu wa shambani, hata kama muuzaji ameapa. Sumu hiyo imeshaua watu waliolala kwenye vyumba vilivyopuliziwa. Mafuta ya taa nayo yanageuza godoro kuwa kuni.

Huku Mbeya asubuhi ni baridi kali na maji ya bomba ni kama barafu. Sote wanne tuna hita za ndoo. Kila tukiwasha saa kumi na mbili umeme unakatika bweni zima, na plagi ya ekstensheni yetu imeanza kuwa ya kahawia. Tununue ekstensheni kubwa zaidi?

Hapana. Ekstensheni hiyo ichomoeni leo hii, kabla hamjamaliza kusoma jibu hili. Plagi iliyogeuka kahawia imeshaanza kuungua kwa ndani.

Hesabu yenyewe ni hii. Plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa umeme wa volti 230 hiyo ni wati 2,990. Hita moja ya kawaida ni wati 1,000. Nne ni 4,000, na simu bado hazijachomekwa. Halafu someni maandishi kwenye ubavu wa waya: ukiona 0.75 ni waya wa ampea 6 tu, hauwezi kubeba hata hita mbili. Ukiwa umeviringishwa chini ya kitanda, joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka. Aliyetoa fyuzi akaweka kipande cha waya ili "isikatike katike" ameondoa kinga ya waya huo.

Someni kwanza kanuni za hosteli. Nyingi zinakataza hita na majiko ya umeme vyumbani, na zikikataza, ombeni kwa pamoja sehemu moja ya kuchemshia maji. Zikiruhusu, washeni moja kwa zamu, kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Lita 10 kutoka nyuzi 15 hadi 40 huchukua kama dakika 18 kwa hita ya wati 1,000, hivyo anayeanza saa kumi na moja asubuhi anawaachia wenzake muda wa kutosha. Hita izame ndipo uwashe. Uzime na kuchomoa ndipo uguse maji.

Binti yangu amepangiwa kitanda cha juu. Nataka nimnunulie godoro zuri la inchi 8 aende nalo. Ni sawa?

Mama, subiri apime. Deka nyingi ni futi mbili na nusu kwa sita, na godoro la futi tatu kwa sita litaning'inia pembeni. Inchi 8 kwa kitanda cha juu hatukushauri kabisa: kadiri godoro linavyopanda ndivyo kingo ya pembeni inavyozama. Zibaki inchi 5 za kingo juu ya godoro. Kwa kawaida la inchi 4, gumu, linamtosha. Fedha itakayobaki mnunulie kufuli imara na ndoo mbili zenye mifuniko.

Mwenzangu anambeba rafiki yake aliyekosa chumba. Wanalala mzungu wa nne kitanda cha chini. Nilikubali wiki moja, sasa ni mwezi wa pili. Maji ninayochota yanaisha, taa inawaka hadi saa nane usiku. Sitaki kuwasema kwa mlezi.

Moyo wako ni mzuri, na huyo asiye na chumba naye anastahili huruma. Lakini "wiki moja" bila tarehe haikuwa makubaliano. Zungumza na mwenye kitanda peke yake, mchana, mgeni hayupo. Usiseme "mnanisumbua", taja vitu: taa izimwe saa tano, mgeni achote lita 20 zake, na tarehe ya kuondoka iwe hii. Mkumbushe pia kwamba akikutwa, anayeweza kupoteza kitanda ni yeye mwenyewe.

Rafiki huyo naye aende ofisi ya malazi kila wiki, hata kama aliambiwa pamejaa. Wapo wanaopangiwa wasilipie, na muda wa malipo ukipita nafasi zao hugawiwa upya. Aende na kitambulisho na namba yake ya usajili, asubuhi, kabla foleni haijakua.