Maswali ya Wasomaji: Kamba za Boti na Maji ya Bamvua

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni nahodha wa boti ya uvuvi ya futi 28. Kwa miaka mingi boti yetu ililala kwenye boya katikati ya hori, lakini mwezi uliopita tajiri, mwenye boti, alikodi nafasi baina ya magati mawili ya mbao yaliyosimamishwa juu ya nguzo. Niliifunga kwa kamba nne fupi, mbili za omo (mbele) na mbili za tezi (nyuma), nikazikaza maji yakiwa yamejaa. Siku za mwanzo hatukupata shida. Usiku wa mwezi mpevu mlinzi aliikuta inaning'inia upande mmoja, na chuma cha kufungia kamba cha omo kimeng'oka pamoja na kipande cha sitaha. Nilipozilegeza kamba, boti ikaanza kwenda mbele na kugonga gati. Nifanyeje?
Nahodha, Mtwapa

JIBU: Nahodha, tatizo lako ni ufupi wa kamba. Boya hupanda na kushuka pamoja na maji, na gati linaloelea hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana huko kamba fupi hazina madhara. Gati la nguzo halisogei, na katika pwani yetu tofauti baina ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hukaribia mita 4. Siku zako za mwanzo bila shaka zilikuwa za maji mafu, ambayo tofauti yake haifiki hata nusu ya hiyo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme maji yakijaa sitaha yako inalingana na gati, na kamba inakwenda mita 2 hadi kwenye nguzo. Maji yakishuka mita 4, kamba hiyo inahitaji urefu wa karibu mita 4 na nusu, yaani uiachie ulegevu wa mita 2 na nusu, na kwa ulegevu huo boti itazunguka itakavyo. Sasa chukua kamba inayokwenda mita 7 sambamba na ubavu wa boti: kwa mshuko ule ule inahitaji mita 8 na kitu kidogo, hivyo nyongeza ya mita 1 inatosha.

Kwa sababu hiyo kamba zitakazokusaidia zaidi ni mbili za mshazari, ambazo mabaharia wengi wa boti ndogo huzipuuza. Ya kwanza itoke omo irudi nyuma hadi kwenye nguzo iliyo karibu na tezi, nayo itazuia boti isiende mbele. Ya pili itoke tezi iende mbele hadi kwenye nguzo iliyo karibu na omo, izuie isirudi nyuma. Kwa kuwa una gati kila upande, kamba za tezi zipishanishe, ya kulia ifungwe gati la kushoto na ya kushoto gati la kulia, ili nazo zipate urefu. Za omo zifunge kwenye nguzo za mbali kadiri nafasi inavyoruhusu. Kusi likivuma kwa nguvu, ongeza kamba ya pili upande wa joshi, yaani unakotoka upepo.

Nunua kamba za nailoni za milimita 12 au 14, kwa maana nailoni hunyumbuka na kupunguza mshtuko unaofika kwenye chuma cha sitaha. Ile kamba ya plastiki ya bluu iuzwayo kila duka la wavuvi ni ya bei rahisi na inaelea, lakini jua huila upesi, na mimi nisingelaza boti ya mtu kwayo. Kamba inapopita ukingoni ivike kipande cha mpira wa maji ili isisagike. Dapra, yaani mito ya kukinga ubavu wa boti, zikining'inizwa zimesimama huteleza pembeni mwa nguzo, kwa hiyo tundika ubao mrefu nje ya dapra mbili, ubao ndio ulalie nguzo.

Ukishafunga, usiondoke na kuamini tu. Katika pwani yetu bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano, mchana na usiku; basi subiri mwezi mwandamo au mwezi mpevu, uwepo gatini saa nne asubuhi, urekebishe kamba moja moja, kisha urudi jioni maji yakijaa uone zimelegea kiasi gani.

SWALI: Tukitaka kuondoka, kamba hukwama kwenye chuma chenye pembe mbili hadi tunaikata kwa kisu. Tunakosea wapi?
Msomaji, Msasani, Dar es Salaam

JIBU: Mnaanza na fundo. Kamba ikifika, izungusheni kwanza mzunguko mmoja kamili chini ya pembe zote mbili, kwa kuwa huo ndio unaobeba uzito. Kisha ipitisheni juu kwa kukatiza, kama tarakimu 8, mara mbili, na mwisho pindueni kitanzi kimoja kifunge pembe, ncha ikilala sambamba na mkato wa mwisho. Vitanzi vya ziada havishiki zaidi. Vinachelewesha tu, na wakati wa dhoruba mtu anayefungua gizani huhitaji kuitoa kamba hata ikiwa imevutwa.