Jibu: Nyumba za familia za wanajeshi Marekani

Dada, umeuliza kama nyumba mtakayopewa kambini na jeshi la Marekani ina kiwango chochote ambacho lazima itimize. Ndiyo, kipo, na kimo katika haki za wapangaji ninazokueleza hapa chini; ukishike vizuri.

Nyumba nyingi za familia kambini zinaendeshwa na kampuni binafsi, kufuatia sheria ya 1996. Malalamiko ya ukungu, panya na rangi yenye madini ya risasi yalipozidi, Bunge la Marekani lilipitisha haki za wapangaji katika sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2020. Ziko 18. Iliyo muhimu kwako sasa: kabla ya kusaini mkataba, dai historia ya matengenezo ya nyumba hiyo kwa miaka 7. Wasikuharakishe! Ikagueni nyumba pamoja, fungua kabati chini ya sinki, gusa ukuta wa nyuma; ukiwa na unyevu au doa jeusi, piga picha papo hapo na iandikwe.

Mgogoro rasmi ukianza, unaweza kuomba kodi izuiwe isilipwe kwa kampuni mpaka uamuzi utoke. Na ni marufuku kumwadhibu shemeji, yaani mumeo mwanajeshi, kwa sababu mmelalamika.

Mabweni ya wanajeshi makapera hayamo katika haki hizo, na inauma, maana ripoti ya wakaguzi wa serikali ya 2023 ilikuta maji taka na ukungu katika mabweni hayo.