Nyumba haiishi, sisi ndio tunaisha

*Tantine, tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Miaka miwili na nusu iliyopita tulichoka kupanga, tukahamia katika lupango letu (kiwanja chetu) nyumba ikiwa na vyumba viwili tu vyenye malata (mabati), vingine kuta tupu. Mume wangu alisema ni shida ya miezi sita. Yeye ni dereva wa lori, njia ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia. Kila akirudi safari anashusha mfuko wa simenti kabla hajasalimia watoto. Siku ya posho (Jumamosi) ni mafundi, Siku ya Mungu (Jumapili) ni yeye mwenyewe na koleo mkononi. Mimi nawapikia mafundi, nachota maji, nafagia vumbi mara tatu kwa siku. Mifuko ya simenti imepangwa mpaka chumbani tunamolala. Mama yake mzazi yuko Kipushi, hapo tu, na mwaka mzima watoto hawajamwona, kwa sababu "atakuja nyumba ikiisha". Mtoto wetu wa kati anakohoa usiku. Nikisema tupumzike kidogo, anajibu kwamba mimi sitaki nyumba. Naitaka, Tantine. Lakini nimechoka na sijui nimwambieje.*

*Mama wa watoto watatu, Katuba*

Mama wa Katuba,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili macho yalirudi kwenye neno moja: "ikiisha". Bibi atakuja ikiisha. Na wewe utapumzika lini? Bila shaka ikiisha. Sasa nikuulize: nani mjini kwetu nyumba yake imeisha? Pita Katuba, pita mtaa wa Kenya, endelea hadi Ruashi, utaona vyuma vimechomoza juu ya kuta vikingoja ghorofa ambayo mwenyewe hajui ataipandisha mwaka gani. Wengi wetu hatujengi kwa mkopo wenye tarehe. Tunajenga kwa kilichobaki mfukoni: mwezi huu vyuma, mwezi ujao mchanga, kisha pesa ya shule inabisha hodi na kila kitu kinasimama. Nyumba ya namna hiyo haina siku ya kuisha. Kwa hiyo pumziko mliloahidiwa ni deni lisilo na siku ya kulipwa, na nyinyi watano mnalidai kwa miaka miwili na nusu.

Lakini nimtetee kwanza baba watoto wako. Umeandika kwamba mlichoka kupanga. Aliyewahi kulipa nyumba kwa dola, na garanti ya miezi kadhaa juu yake, na mwenye nyumba akija mwisho wa mwezi kusimama mlangoni mbele ya watoto, anajua hofu ile haitoki mwilini siku unapohama. Nadhani mume wako bado anaisikia. Ukisema "tupumzike", yeye anasikia "turudi kule". Ndiyo maana anakujibu kwamba hutaki nyumba. Si wewe anayemjibu, ni yule mwenye nyumba.

Nikuambie jambo la kwangu ambalo sijawahi kuliandika hapa. Sisi pia tulijenga kidogo kidogo, mimi na mzee wangu, mtaa wa Bel-Air. Mama mkwe wangu alikuwa mji wa Likasi. Kila Noeli alituma salamu akiuliza kama aje, na kila Noeli tulimjibu: bado mama, sakafu bado, plafoni (dari) bado, tunaona haya ulale kwenye vumbi. Alifariki mwezi wa pili. Kilio kilikaa kwetu. Watu walijaa katika sebule ile ile isiyo na sakafu, wakaketi juu ya mbao tulizolaza kwenye matofali, wakatandika mikeka chini, wakaimba hadi asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini kuta bado ni tupu. Nyumba iliwatosha watu wote wale. Ingemtosha mwanamke mmoja mzee na begi lake. Mzee wangu alilia kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe, na mimi bado nikipita Likasi nanyamaza.

Kipushi ni kilomita 30 hivi kutoka hapa.

Sasa namna ya kuzungumza naye. Usianze na nyumba. Anza na usingizi. Mtu aliyebeba matofali kutwa nzima ya Siku ya Mungu, akalala saa tano usiku, akaamka alfajiri kushika usukani wa lori, huyo anaendesha nusu amelala, na barabara ya Kasumbalesa unaijua na malori yake. Mwambie hilo peke yake, bila kulichanganya na vumbi wala mafundi wala wewe kuchoka: "Naogopa simu ya usiku." Chagua jioni ambayo ameoga, amekula bukari (ugali) yake, watoto wamelala. Usimwambie akiwa na koleo mkononi, na kamwe usimwambie mbele ya fundi, maana hapo atakachosikia ni aibu tu. Mkimaliza hilo, nyamaza. Ya nyumba yangoje kesho yake.

Kesho yake, omba mambo machache, na uyaombe kama mtu anayejenga, kwa sababu wewe pia unajenga.

La kwanza ni chumba kimoja kiishe kabisa. Nasema kiishe: sakafu laini, kuta zimepigwa lipu na kupakwa rangi, plafoni, mlango unaofunga. Wengi wangeanza na sebule kwa sababu ndiyo wageni wanaona. Mimi nasema anzeni na chumba cha watoto, kwa ajili ya yule anayekohoa. Vumbi la simenti si vumbi la barabarani. Linawasha koo na mapafu. Na hata lile la barabarani, mji wetu ni wa viwanda vya shaba: mwaka 2009 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walichapisha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini wana kobalti na metali nyingine nyingi mwilini. Basi msiwaongezee watoto. Fagia baada ya kunyunyiza maji, usifagie pakavu. Fundi akikata vigae, akate nje na maji. Kama mnabomoa mabamba ya zamani ya paa au plafoni yenye amiante (asbesto), yale ya kijivu ya nyumba za kambi, msiyavunje wala msiyasage. Yaloweshwe, yashushwe mazima, watoto wakiwa kwa jirani. Na kikohozi kikipita wiki mbili, mtoto apelekwe kituo cha afya, usingoje siku ya mshahara.

La pili, mifuko ile itoke chumbani. Hapa una hoja ambayo mume wako hawezi kuikataa, kwa sababu ni ya pesa. Simenti haikai kama mchele. Katika unyevu wa mvua zetu, mfuko uliokaa miezi mitatu huwa umepoteza sehemu ya nguvu zake, na ukikuta mabonge magumu ndani, hiyo si ya kujengea ukuta tena. Najua kwa nini ananunua mmoja kila safari: pesa ikikaa mfukoni inaondoka. Basi iingie katika likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu), au uishike wewe, na siku kazi ikiwa tayari mifuko inunuliwe yote pamoja na kutumika wiki hiyo hiyo. Atakuwa amejenga vizuri zaidi. Na akirudi safari atafika mikono mitupu, na mikono mitupu ndiyo inayobeba watoto.

Kisha kuna majira. Mvua zetu huanza kuelekea mwezi wa kumi na moja na kukoma mwezi wa nne. Kiangazi ndicho wakati wa misingi, kuta na malata. Hilo simpingi hata kidogo. Shida ni kwamba likizo kubwa ya shule, mwezi wa saba na wa nane, inaangukia katikati ya kiangazi hicho, wakati lupango limejaa mashimo, mchanga na wanaume wa kazi. Ndipo watoto wanapokaa nyumbani kutwa na ndipo baba anapowaona kama kikwazo. Mwaka huu waende Kipushi kwa bibi wiki mbili au tatu, na yeye mwenyewe awapeleke na kuwarudisha. Safari hizo mbili ziandikwe katika bajeti ya ujenzi pamoja na misumari. Mvua zikianza, kazi ya nje ifungwe. Ndani mtaendelea taratibu. Mapipa yafunikwe, maana maji yaliyosimama yanazaa mbu, na shimo la choo liwekewe kifuniko kizito leo hii. Hilo halingoji majira yoyote.

Umenishangaza kidogo kwa kutotaja siku ambazo kazi yenyewe inasimama. Zege likishamwagwa linataka maji na utulivu, siku 7 kwa uchache, na mafundi wazuri huhesabu siku 28 kabla ya kusema limekomaa. Lipu nayo inataka wiki kadhaa ikauke kabla ya rangi. Siku hizo mume wako huzijaza kwa kazi nyingine, sivyo? Mtoto mkubwa apewe ndoo amwagilie linta (boriti ya zege ya juu ya milango) asubuhi na jioni, ni kazi ya robo saa, na baba akae. Hukuandika kama watoto wanapenda mpira, lakini sijaona mtoto wa Lubumbashi asiyeijua timu ya Mazembe. Ampeleke mmoja uwanjani Kamalondo, au wakae naye tu penye redio. Mtoto atakumbuka hilo.

Siku ya Mungu bila koleo. Hili naomba usilipunguze. Najua atasema nusu siku, baada ya misa, saa mbili tu. Saa mbili za ujenzi hazipo; ukishachanganya simenti huwezi kuiacha. Akikataa kabisa, mwombe Siku ya Mungu mbili kwa mwezi, na hizo mbili zihesabiwe kwenye kalenda ukutani, mbele ya watoto, ili usiwe wewe unayemkumbusha.

Na wewe sasa. Katika barua yako nimehesabu kazi tatu: mpishi, mchota maji, mfagiaji. Fundi analipwa, msaidizi wake analipwa, wewe hulipwi na hata hujatajwa. Acha kuwapikia mafundi. Mapatano yafanywe mwanzoni mwa wiki: malipo pamoja na pesa ya chakula, kila mmoja anunue mihogo yake na karanga zake njiani. Wajenzi wengi mjini hufanya hivyo na hakuna anayekasirika. Mchana huo uliookoa, nenda kwa dada yako, au lala. Usiutumie kufua.

Labda atakubali moja na kukataa mengine. Mwanaume aliyeogopa miaka mingi haachi hofu kwa mazungumzo ya siku moja, nami singependa umtishe kwa kuondoka ama kumwita mjomba wake aje kumsema; hilo liwe la mwisho kabisa, na sioni katika barua yako kwamba mmefika huko. Ninachoona ni mtu anayewapenda na amesahau kuwaangalia.

Chukua simu jioni hii, kabla hata hujazungumza naye, umpigie mama mkwe wako. Mwambie nyumba bado, sakafu bado, plafoni bado, na kwamba mnamngoja mwisho wa mwezi. Abebe blanketi moja, usiku unaingiza baridi kwenye dirisha lisilo na kioo. Mume wako akirudi safari na kumkuta mama yake amekaa juu ya matofali anachambua sombe (majani ya mihogo) na wajukuu, mpe kiti, umwache.

Tantine