Mshale wa bosi umenikalia kichwani

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 26, nachora kurasa za programu za simu katika kampuni ndogo hapa Dar es Salaam. Tulianza watatu, sasa tuko kumi na mmoja. Bosi wetu amesoma habari za Figma, ile programu ya kuchorea inayofunguka ndani ya kivinjari, akatangaza kwamba kuanzia sasa hakuna kazi ya kujificha: wote tuchore ndani ya faili moja tukionana. Nikifungua tu, mshale wenye jina lake unatokea na kuanza kutembea juu ya kazi yangu. Wiki iliyopita aliingia kwenye kisanduku nilichokuwa naandika maneno, ya kwake yakabaki, ya kwangu yakapotea. Siku hizi mkono umekuwa mzito. Anasema ndivyo wanavyoishi wenyewe walioitengeneza Figma. Ni kweli? – Mchoraji, Sinza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umenikumbusha kigoda.

Nilianza kazi hii kwenye stesheneri moja ya Kariakoo, mbele ya kompyuta yenye programu ya kuchorea ya CorelDRAW iliyochakachuliwa, nikitengeneza kadi za harusi. Nyuma yangu kulikuwa na kigoda cha mteja. Mteja hakuja peke yake. Alikuja na shangazi wa bwana harusi. Shangazi akikaa pale, kila nilichogusa kilikuwa na neno: hilo ua kubwa, hiyo dhahabu haijakolea, jina la baba mbona liko chini? Kadi nilizozichora chini ya usimamizi ule zote zilifanana, kwa sababu sikuthubutu kujaribu kitu kibaya mbele yake. Na kitu kizuri, kwangu mimi, hupitia vibaya vitatu au vinne kabla hakijafika. Kwa hiyo mkono wako kuwa mzito si uvivu. Una shangazi kwenye kigoda.

Sasa tuje kwa hao anaowataja bosi wako. Amesoma nusu ya habari.

Figma ilianzishwa mwaka 2012 na vijana wawili waliokutana Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani, Dylan Field na Evan Wallace. Field aliacha masomo baada ya kupata ufadhili wa Thiel, wakati huo dola 100,000 kwa vijana wanaokubali kuweka chuo kando. Wallace alikuwa tayari ameonyesha maajabu yake: alitengeneza bwawa la maji ndani ya kivinjari, lina mpira unaozama na mwanga unaocheza sakafuni, wakati wengi wetu tulikijua kivinjari kama kitu cha kufungulia barua pepe. Wakajiuliza, kama maji yanawezekana humo, nini kingine? Walipitia wazo la droni, wakagusa hata wazo la kutengeneza picha za utani, ndipo wakatulia kwenye chombo cha kuchorea.

Halafu wakajifungia. Walioalikwa waliiona Desemba 2015. Watu wote walifunguliwa mlango Septemba 2016. Hesabu mwenyewe: miaka kama minne ya kuchonga kabla ya kumpa kila mtu ruhusa ya kuchungulia. Hiyo ndiyo nusu ambayo bosi wako hakuifikia.

Nikupe mfano mmoja wa walichokuwa wanachonga, kwa sababu ndicho kinachonifanya niwaheshimu. Katika programu tulizozizoea, mstari unaochorwa kwa kalamu una mwanzo na mwisho kama uzi: nukta moja hushika mistari miwili basi. Ukitaka kuchora sanduku lenye kona inayoonekana pande tatu, unaunga vipande na kudanganya macho. Wao wakaamua nukta iweze kushika mistari mitatu, minne, hata zaidi, kama fundo la wavu wa kuvulia. Mtumiaji wa kawaida anaweza kumaliza mwaka asijue kama kuna jambo hilo. Anaona tu kwamba kalamu haimgombezi. Huo ndio ufundi.

Kuhusu maneno yako yaliyopotea, hapo kuna maelezo ya kiufundi, na ni vizuri umfikishie bosi kwa adabu. Figma inatunza kila sifa ya kila kitu peke yake. Wewe ukikisogeza kitufe na yeye akakibadilisha rangi kwa wakati huohuo, yote mawili yanabaki, kwa sababu mahali ni sifa moja na rangi ni sifa nyingine. Lakini mkigusa sifa ileile, anayefika wa mwisho kwenye seva ndiye anayebaki. Na maneno ndani ya kisanduku kimoja yanahesabiwa kama sifa moja. Hayachanganywi herufi kwa herufi. Waliotengeneza walilichagua hilo wakijua, ili mfumo uwe mwepesi, na kwa sababu hiki ni chombo cha kuchorea, si cha kuandikia makala. Kinachobaki kinategemea heshima, na ofisini kwenu haijafika bado.

Tena usidhani wachoraji wa Ulaya na Marekani waliipokea mikono miwili. Habari za kuchora wengi kwenye faili moja zilipotoka, wengi wao waliguna kama wewe. Hofu ilikuwa hiihii, ya bosi kusimama kichwani. Kilichowageuza ni kuchoka na mafaili. Mimi nilibadilika siku nilipokuta kwenye flashi moja faili la nembo lenye jina «mwisho», jingine «mwisho kabisa», jingine «mwisho wallahi», na mteja akawa amechapa bango kwa lile la kwanza. Bango la mita sita. Nililipa kutoka mfukoni.

Lakini swali lako kwa kweli linahusu mtu anayeushika huo mshale, na hapo ndipo nawaona Figma wana la kumfundisha bosi wako. Field alianza akiwa na miaka ishirini, hajawahi kuongoza mtu. Amekiri mwenyewe hadharani kwamba miaka ya mwanzo hakuwa msimamizi mzuri, na ikabidi waje watu waliomzidi uzoefu, akiwemo Sho Kuwamoto aliyepitia Macromedia, kampuni ya zamani ya programu za ubunifu. Kampuni ilipokua, ilibidi bosi naye akue.

Na tazama hili. Katikati ya 2024 walizindua kipengele cha akili bandia kinachochora kurasa kwa maelezo machache. Watu wakakiomba ukurasa wa hali ya hewa, kikatoa kitu kilichofanana mno na programu ya hali ya hewa ya Apple. Wakakizima kwa muda. Field akaandika mbele ya dunia nzima kwamba kosa ni lake, kwa kuwakimbiza watu wake wawahi tarehe ya mkutano wao mkubwa na kutosimamia ukaguzi. Hakumtaja mchoraji. Hakumtaja mhandisi. Kampuni hiyo imeandika «penda ufundi wako» miongoni mwa maadili yake, na mimi maneno ya ukutani huwa siyaamini mpaka nione siku ya kosa ilikwendaje.

Basi fanya hivi. Kazi mpya ianzie kwenye rasimu zako, pale palipoandikwa «Drafts». Hakuna anayeiona mpaka umshirikishe. Ikishafika mahali unaweza kuitetea, ihamishie kwenye faili la wote, na uwe na ukurasa wenye jina wazi, «bado napika». Mwombe bosi kwenye ukurasa huo aache maoni tu, asishike kitu. Mweleze kwa sababu ya maneno yaliyopotea, usiseme kwa sababu ya mshale. La kwanza ni hasara ya kampuni, la pili atalisikia kama lawama. Kisha, na hapa ujikaze, mwombe naye aweke humo kitu chake kibichi: mada ya kumwonyesha mteja, au bei anazofikiria. Muingie nyote kumi na mmoja mkiwa na mishale yenu. Dakika kumi zinatosha. Niandikie aliyaonaje.

SWALI: Dada, niko mwaka wa pili chuoni Mombasa. Nasikia Figma ilinunuliwa na Adobe, wale wenye Photoshop, nisipoteze muda nayo? – Msomaji, Tudor

JIBU: Haikununuliwa. Septemba 2022 walitangaza mauzo ya dola bilioni 20, wakaguzi wa ushindani wa Uingereza na Umoja wa Ulaya wakakaza, na Desemba 2023 wakaachana. Adobe ikalipa dola bilioni 1 kwa kuvunjika kwa mkataba. Mahari ya ndoa isiyofungwa. Tarehe 31 Julai 2025 hisa za Figma ziliingia soko la New York kwa dola 33, zikafunga siku hiyo kwa 115.50. Ukiwa mwanafunzi utaipata bure, jisajili. Ukitaka pia kitu kisicho na mwenye nyumba, jaribu Penpot ya Wahispania, msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

SWALI: Bando likikatika katikati ya kazi? – Fundi, Tabora

JIBU: Faili lililokwisha kufunguka litaendelea kukubali kazi yako, na mtandao ukirudi litajipeleka lenyewe. Usifunge tu hicho kivinjari. Na umeme, ndugu yangu, hilo tuwaulize wengine.